Kutoka chuo cha jamii hadi kufundisha historia au Kiingereza sekondari: njia ya California, hatua kwa hatua

Anayetaka kufundisha masomo ya sanaa sekondari huko California hupotea mapema kuliko anavyodhani, siku ileile ya kuchagua madarasa ya muhula wa kwanza. Anaona kwenye orodha ya chuo shahada ndogo inayoitwa Humanities au Liberal Arts, anasema hii ndiyo yangu, anajaza fomu. Miaka miwili baadaye ana cheti mkononi na yuniti (krediti za masomo) nyingi zisizomsogeza mbele, kwa sababu jimbo halitoi leseni ya ualimu yenye jina hilo.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho wa safari, kwenye leseni, kisha unarudi nyuma mpaka darasa la kwanza la chuo cha jamii, ambacho wenyeji wanakiita komyuniti koleji. Kisichanganywe na vyuo vya maendeleo ya jamii vya Tanzania. Hiki ni chuo cha miaka miwili cha umma, na California ina zaidi ya 110.

Leseni ipi?

Tanzania na Kenya mwalimu wa sekondari huhitimu na masomo mawili ya kufundishia, tuseme Historia na Kiswahili. California mpango ni mwingine. Leseni ya sekondari hutolewa na tume ya jimbo ya leseni za ualimu, kwa kifupi CTC, nayo ni leseni ya somo moja. Mtu wa sanaa ana milango mikubwa miwili.

Mlango wa kwanza ni Social Science. Leseni hii moja inabeba historia ya dunia, historia ya Marekani, jiografia, uraia na uchumi. Darasa la 6 wanasoma dunia ya kale, la 7 zama za kati (falme za Ghana na Mali zimo), la 8 Marekani ya mwanzo, la 10 dunia ya kisasa, la 11 Marekani ya karne ya 20, na la 12 nusu mwaka serikali, nusu mwaka uchumi. Ukipenda historia na kuuchukia uchumi, jua kwamba mwalimu mgeni shuleni ndiye anayeachiwa vipindi ambavyo wakongwe wamevikataa.

Mlango wa pili ni English: fasihi, uandishi na lugha yenyewe. Hapa mzigo uko kwenye kusahihisha. Piga hesabu ya madarasa matano yenye wanafunzi 30 kila moja: insha 150. Ukitumia dakika 10 kwa kila insha, hizo ni saa 25 nje ya vipindi, kwa zoezi moja tu.

Mkongomani au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa ana mlango wa tatu ambao wengi hawaufikirii: leseni ya lugha za dunia, Kifaransa kikiwemo. Inaweza kuongezwa baadaye juu ya leseni ya kwanza.

Chagua kabla ya kujiandikisha. Kubadili muhula wa pili ni jambo dogo. Ukibadili muhula wa nne, hesabu mwaka mzima umepotea.

Ngazi yenyewe

Chuo cha jamii ni yuniti 60, miaka miwili kwa anayesoma muda wote. Chuo kikuu ni yuniti 60 nyingine, jumla 120, ndiyo digrii. Baada ya hapo kuna mafunzo ya ualimu, kwa kawaida mwaka mmoja, yenye saa 600 za mazoezi darasani. Yanafanana na BTP, mazoezi ya ualimu ya vyuo vya kwetu, ila unakaa na darasa lilelile muda mrefu na kupimwa kwa mtihani wa utendaji kama CalTPA, ambao ndani yake unawasilisha video ya ufundishaji wako. Ukifaulu unapewa leseni ya awali ya miaka 5, na katika kipindi hicho unafanya miaka miwili ya kulelewa kazini ili upate leseni kamili. Vipo vyuo vikuu vinavyounganisha digrii na ualimu kwa miaka minne. Ukivutiwa na njia hiyo, ipange mapema, maana huwa na masharti ya madarasa tangu chuo cha jamii.

Ujuzi wa somo lako unathibitishwa kwa njia kadhaa: mtihani wa CSET, programu ya digrii iliyoidhinishwa, digrii ya somo lenyewe, au madarasa yanayogusa kila eneo la somo. Hizo mbili za mwisho zilifunguliwa na sheria ya mwaka 2021, na ndizo zinazoyapa madarasa ya chuo cha jamii uzito ambao hayakuwa nao zamani. Kila darasa unalolichukua sasa linaweza kuziba pengo ambalo lingekupeleka kwenye mtihani. CSET ya Social Science ina karatasi tatu: historia na jiografia ya dunia, historia na jiografia ya Marekani, na uraia, uchumi na historia ya California. Ya tatu huwasumbua hata waliozaliwa huko. CSET ya English ina karatasi nne.

Mtihani wa stadi za msingi, CBEST, bado unatajwa sana kwenye vikundi vya WhatsApp. Tangu katikati ya mwaka 2024, digrii ya kwanza kutoka chuo kinachotambulika inatosha kukidhi sharti hilo. Usilipie masomo ya kujiandaa na mtihani usiouhitaji.

Kama tayari una digrii ya UDSM, Makerere au Kenyatta, usianze upya. Peleka transkripti kwenye wakala wa tathmini anayekubaliwa na CTC, si wakala yeyote unayemwona mtandaoni. Ukithibitishiwa kuwa digrii yako ni sawa na ya kwanza ya Marekani, chuo cha jamii kinabaki cha kuziba mapengo, hasa sharti la Katiba ya Marekani, ambalo darasa moja la serikali ya Marekani hulimaliza.

Kujiandikisha na ada

Mtu mwenye miaka 18 na kuendelea anaweza kupokelewa chuo cha jamii hata bila cheti cha sekondari, ilimradi aonekane anaweza kufaidika na masomo. Aliyepoteza vyeti vitani au kambini asikate tamaa. Msaada wa fedha wa serikali kuu ndio wenye sharti lingine: kwa kawaida unataka cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Kama cha kwenu hakipatikani, fanya GED au HiSET mapema, hata huku ukisoma darasa moja.

Ada kwa mkazi wa jimbo ni dola 46 kwa yuniti. Yuniti 15 za muhula ni dola 690, na 60 zote ni dola 2,760. Asiye mkazi analipa mara kadhaa ya hapo. Ukazi ni mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza, ukiwa na ushahidi: mkataba wa nyumba, kodi ya mapato, leseni ya udereva. Mkimbizi aliyepokelewa moja kwa moja California amesamehewa ada ya wageni katika kipindi hicho cha kungojea. Nenda dirisha la usajili na karatasi zako, ulitaje sharti hilo mwenyewe. Karani asipoulizwa huenda asilikumbuke.

Jaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa fedha (kwa raia, wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi) au fomu ya Dream Act ya California kwa wasioruhusiwa FAFSA. Fomu kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Siku ya mwisho ya msaada wa jimbo huwa mapema Machi, kwa kawaida Machi 2, na wanafunzi wa vyuo vya jamii wana nafasi ya pili ya Septemba 2. Fomu hiyohiyo ndiyo inayofungua msamaha wa ada wa California College Promise Grant. Kwa wenye kipato kidogo, zile dola 46 zinafutwa kabisa.

Ukishapewa fedha, kuzishika ni kazi nyingine. Ni lazima umalize takriban asilimia 67 ya yuniti unazojiandikisha, GPA, yaani wastani wa alama zako, isishuke chini ya 2.0, na usivuke asilimia 150 ya yuniti za shahada, yaani 90 kwa shahada ya 60. Anayejiandikisha madarasa matano na kuacha mawili kila muhula anabaki na asilimia 60, na msaada unakatika hata kama hajafeli darasa hata moja.

TEACH Grant ya serikali kuu inavutia kwa jina. Inadai miaka minne ya kufundisha somo lenye uhaba, kwenye shule ya wenye kipato kidogo, ndani ya miaka minane. Usipotimiza inageuka mkopo, riba ikihesabiwa tangu siku fedha zilipotolewa. Historia na Kiingereza hazina uhakika wa kuwemo kwenye orodha ya masomo hayo; hisabati, sayansi na elimu maalumu zimo. Mwalimu mtarajiwa wa sanaa asiitie sahihi mpaka aione orodha kwa macho yake.

Jambo dogo linalochelewesha watu miezi ni majina. Kama pasipoti inasema Juma Hassan Ali, kadi ya Social Security inasema Ali Juma, na transkripti inasema Hassan Juma, kila ofisi itakuona watu watatu. Chagua mpangilio mmoja, ule wa hati ya uhamiaji, uutumie kila mahali tangu siku ya kwanza.

Kupanga madarasa

Shahada ya kuomba ni AA-T, shahada ndogo ya chuo cha jamii iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010 kwa ajili ya kuhamia vyuo vikuu vya umma vya CSU (California State University). Ukiwa na yuniti 60 na GPA ya 2.0 au zaidi, una uhakika wa nafasi kwenye mfumo wa CSU, na fani ikilingana unamaliza digrii kwa yuniti 60 zaidi. Uhakika huo ni wa mfumo tu. San Diego State au Long Beach zenye foleni ndefu zinaweza kukukataa, ukapelekwa kampasi nyingine.

Kwa Social Science chagua AA-T ya History. Kwa English, AA-T ya English. Jihadhari na AA-T ya Elementary Teacher Education: jina lina ualimu ndani yake, ila ni ya shule ya msingi. Kila mwaka watu wanaiingia kwa sababu ya jina.

Madarasa yako yamegawanyika mafungu matatu. La kwanza ni elimu ya jumla, Cal-GETC, iliyochukua nafasi ya mipango miwili ya zamani kuanzia mwaka wa masomo wa 2025. Ni yuniti 34: 9 za Kiingereza, hoja na kuzungumza mbele ya watu, 3 za hisabati, 6 za sanaa na fasihi, 6 za sayansi za jamii kutoka taaluma mbili tofauti, 7 za sayansi, maabara ikiwemo, na 3 za masomo ya jamii za Marekani, yaani Ethnic Studies. Kila darasa ni lazima ulipate kwa C au zaidi. C- haihesabiki.

Fungu la pili ni yuniti 18 za fani. Kwa History: historia ya Marekani sehemu mbili (6), historia ya dunia au ya Magharibi sehemu mbili (6), na 6 za kuchagua. Mengi ya hayo yanahesabiwa pia kwenye Cal-GETC, kwa hiyo unabaki na nafasi za hiari. Hilo ndilo fungu la tatu, na wengi wanalichezea kwa kuchukua chochote chenye saa nzuri. Nafasi hizi ni za leseni yako. Weka hapo jiografia ya dunia, uchumi mdogo na uchumi mkubwa (micro na macro), historia ya California na serikali ya Marekani. Mhitimu wa historia ambaye hajagusa uchumi wala jiografia ndiye anayerudishwa kwenye CSET au kulipia darasa la ziada akiwa ameshamaliza digrii. Wa English aweke fasihi ya dunia, utangulizi wa isimu kama chuo kinao, na tamthilia au uandishi wa habari.

Muhula wa kwanza wa mtu mwenye kazi ya saa 20 kwa wiki unaweza kuwa hivi: ENGL C1000 (uandishi), historia ya dunia sehemu ya kwanza, POLS C1000 (serikali ya Marekani, inayogusa pia Katiba), na darasa la kuzungumza, COMM C1000. Takriban yuniti 12, na 12 ndizo zinazokufanya mwanafunzi wa muda wote. Kila yuniti inakula kama saa tatu kwa wiki, darasani na nyumbani, kwa hiyo 12 ni saa 36. Ongeza kazi ya saa 20 uone kilichobaki cha kulala. Madarasa mawili ya historia pamoja na moja la fasihi kwa muhula mmoja ni kujitafutia kurasa mia kadhaa kwa wiki. Changanya na hisabati au maabara.

Kabla ya kubonyeza kujiandikisha, fungua tovuti ya ASSIST, weka chuo chako upande mmoja na chuo kikuu unachokitaka upande wa pili, uone darasa lipi linakubaliwa badala ya lipi. Chapisha ukurasa huo na uuhifadhi pamoja na tarehe. Kwenye ratiba tafuta pia alama ya madarasa yasiyo na gharama ya vitabu. Kitabu kimoja cha historia kinaweza kuzidi ada ya darasa lenyewe.

Mshauri wa masomo mwone kila muhula, na mtake aandike mpango wako wa elimu kwenye mfumo. Neno la mdomoni halikusaidii akihamishwa.

Kiingereza cha mhamiaji

Sheria za California zinataka mwanafunzi awekwe kwenye darasa la Kiingereza la kiwango cha chuo kikuu mapema iwezekanavyo, na anayeanzia madarasa ya Kiingereza kwa wageni apangiwe njia ya kulifika ndani ya miaka mitatu. Usikubali kuzungushwa ngazi kwa ngazi kama hukuhitaji. Uliza kama kuna ENGL C1000 yenye saa za nyongeza za msaada. Aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, kama Mtanzania au Mkenya, mara nyingi anaweza kuingia huko moja kwa moja. Kinachomwangusha ni mtindo wa insha. Msomaji wa Kimarekani anataka hoja kuu ndani ya aya ya kwanza, na kila chanzo kitajwe kwa kanuni. Kunakili aya bila kutaja, hata kwa kusahau, ni kesi ya nidhamu inayoweza kukufuata chuo kikuu.

Darasa likikushinda, angalia tarehe mbili kwenye kalenda: ya kuacha bila alama, na ya kuacha kwa W, alama ya kujiondoa. Ukipitwa na ya pili unabaki na alama utakayopata, hata ikiwa F. Kwa kawaida darasa moja huruhusiwa kujaribiwa mara tatu tu, na W inahesabiwa.

Kuingia darasani mapema

Programu nyingi za ualimu zinataka saa za kuangalia darasa kabla ya kukupokea, mara nyingi 45. Zitafute ukiwa chuo cha jamii, kupitia darasa la utangulizi wa ualimu au kwa kazi. Shule za sekondari huajiri wanafunzi wa vyuo kuwa wakufunzi wa AVID, programu ya kuwaandaa wanafunzi kwenda chuo. Kazi ya msaidizi wa darasa kwenye shule zinazopata fedha za Title I (msaada wa serikali kuu kwa shule zenye wanafunzi wengi wa kipato kidogo) inahitaji miaka miwili ya chuo (California ni yuniti 48), shahada ya AA, au kufaulu mtihani wa wilaya.

Kabla hujakanyaga shuleni utaulizwa alama za vidole na kifua kikuu. Kwenye alama za vidole, aliyewahi kukamatwa aseme ukweli. Kuficha ndiko kunakoua ombi. Kwa kifua kikuu, wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, na kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo. Omba kipimo cha damu, ambacho BCG haikiathiri, ujiepushe na mizunguko ya eksirei isiyo ya lazima.

Weka daftari la saa: tarehe, shule, darasa, somo, muda wa kuingia na kutoka, sahihi ya mwalimu. Andika muda kwa saa za Kimarekani. Ukiandika 2:10 ukimaanisha saa mbili na dakika kumi asubuhi, karani atasoma mchana. Na usijaze "mwalimu alifundisha vizuri". Andika kinachoonekana:

"8:10, darasa la 10, ubeberu barani Afrika. Ramani mbili ukutani, 1880 na 1914. Swali: nini kimebadilika? Mwalimu amenyamaza kama sekunde 8. Mikono mitatu, yote mstari wa mbele. Akasema: andikeni sentensi moja, mwonyeshe jirani. Dakika 2. Akauliza tena: mikono 14."

Maandishi ya namna hii ndiyo utakayoyatumia kwenye insha ya kuomba ualimu, na mwalimu uliyemkalia saa 20 atakuandikia barua yenye mambo ya kweli ndani.

Kuhama

Dirisha la CSU hufunguliwa Oktoba 1 na kufungwa kuelekea mwanzoni mwa Desemba, kwa ajili ya kuingia msimu wa vuli unaofuata. Kwa anayeanza vuli, hiyo ni muhula wa tatu, wakati bado hujamaliza. Omba kampasi zisizopungua tatu, moja iwe isiyo na foleni. Kwenye fomu taja kwamba unapata AA-T na uchague fani iliyo kwenye orodha ya zinazolingana. Ukichagua nyingine, uhakika unapungua nguvu. Yuniti za chuo cha jamii zinazokubaliwa mwisho ni 70, kwa hiyo kuendelea kuongeza madarasa baada ya hapo ni kupoteza pesa. GPA ya 2.0 inakuingiza CSU, lakini mafunzo ya ualimu huulizia zaidi, mara nyingi karibu na 2.75.

AA-T haitoki yenyewe. Ni lazima uiombe kwenye ofisi ya kumbukumbu kabla ya tarehe iliyowekwa kwenye muhula wako wa mwisho, kisha chuo kiithibitishie CSU kwamba unaipata. Aliyemaliza yuniti zote akasahau fomu hiyo anahesabiwa kuwa hana shahada.

Na silabasi za madarasa yote, kila muhula, zihifadhi kwenye faili moja zikiwa PDF na jina la darasa, mwaka na mwalimu. Miaka mitatu baadaye, ofisi ya leseni ikiuliza kama historia ya dunia uliyosoma iligusa Asia na Afrika au Ulaya peke yake, jina la darasa kwenye transkripti halitajibu. Silabasi ndiyo itakayojibu, na mara nyingi chuo chenyewe huwa hakina nakala tena.